Jirani wa Chini

Mtaa wa Ide, Minahama
Desemba 9

Dada Kinue,

Anwani hii kanipa mwanao Nobuaki kwa simu, nikaiandika nyuma ya pakiti ya mbegu za figili, sina hakika kama nimeisikia sawasawa. Ghorofa ya kumi na moja! Mtu anaamkaje akajikuta huko juu, dada yangu? Mimi ngazi za stesheni tu zinanitoa roho.

Nyumba yako ipo. Kila asubuhi napanda kwako, nafungua madirisha ya upande wa mlimani, naondoa majani kwenye mfereji, nawatupia samaki wako wa koi wali uliobaki. Yule mweusi mkubwa bado ananinunia. Anakuja juu, ananiangalia, akiona si wewe anarudi zake chini ya jiwe. Chemchemi ya kwenye kabata yako, hilo jiko lako la majini, inabubujika vilevile. Jiko halina mtu, beseni ni kavu, na maji yanajimwagia tu kwenye kidimbwi cha samaki na kutoka nje. Kisha nashuka kwangu, na hayo maji yako yananifuata mpaka jikoni kwangu, lakini yakiwa matupu. Miaka arobaini na sita nimezoea kuona punje zako mbili tatu za mchele zikipita saa kumi na mbili na nusu, ndipo najua Dada kaamka. Siku hizi yanapita majani. Sina kazi nyingi kuliko zamani, lakini nachoka, sijui kwa nini.

Habari za mji unazijua hata bila kuambiwa. Yule wa tofu amefunga duka. Alibandika karatasi mlangoni, asanteni kwa miaka sitini na mitatu, basi. Kwenye barabara ya maduka amebaki kinyozi, duka la dawa, na lile la ndoana na nyavu ambamo haingii mtu. Treni ya kwenda Kyoto wameipunguzia mabehewa. Ziwa limerudi nyuma mpaka miguu ya gati imebaki wazi, na bata wa kaskazini wamejaa ufukweni. Meya anasema mji unapata wakazi wapya. Labda ni hao bata.

Halafu kuna binti wa ofisi ya jiji, Asakura, alikuja na kisanduku cha biskuti. Gazeti la jiji linataka wasifu wa mji wetu, mtaa kwa mtaa, na wa Ide niandike mimi. "Bibi, andika juu ya maji," ananiambia. "Jinsi wa juu asivyoyachafua kwa kumfikiria wa chini, na wa chini asivyolalamika kwa kumwamini wa juu." Nikamwambia, mwanangu, mbona umeshamaliza kuandika? Akacheka. Watalii wa Jumamosi wanaokuja kupiga picha vidimbwi vyetu nao husema hayohayo, jamani mna adabu nyie! Basi nimekubali, na tangu nikubali kalamu haisogei.

Mkono vipi? Kama huwezi kuandika usijisumbue.

Tokie


Nagoya
Desemba 17

Toki,

Naandika kwa mkono wa kushoto, kwa hiyo usicheke, na usimwonyeshe mtu.

Mkamwana wangu Satomi ni mtu mwema. Sina la kumsema, na hapo ndipo penye taabu. Nikiinuka, anainuka. Nikikohoa, huyo mlangoni. Ananikatia nyama vipande vidogo. Kila nifanyalo naambiwa "vizuri sana, bibi!" Nimevaa soksi, vizuri sana. Nimemaliza supu, vizuri sana. Jana nilitaka kumrushia hizo soksi. Maji hapa yanatoka ukutani na yananuka kama bwawa la kuogelea la shule. Nimekunywa chai yake miezi miwili na kiu haijaniisha.

Sikiliza. Nataka kurudi nyumbani. Nobuaki anataka kuuza, yuko mtu anatafuta kiwanja cha kuegesha magari ya hao watalii wako. Nimemwambia auze nikishakufa. Baada ya siku tatu akasema sawa, atafikiria, lakini kwanza akuulize wewe nilikuwa naishije pale peke yangu. Nilikuwa nakula? Nilikuwa nameza dawa za presha? Daktari wa hapa kamwambia nilipigwa kiharusi kama mtu asiyemeza. Nikamwambia, muulize Tokie, jirani wa chini anajua yote. Kwa hiyo atakuandikia. Kurudi kwangu kuko mikononi mwako, sikufichi.

Ati wasifu wa mji! Andika kwamba ni mji wa baridi, una samaki wa kuchachusha wanaonuka mpaka mgeni anashika pua, na watu wake husema kila kitu isipokuwa kile wanachowaza. Imetosha. Mwambie Asakura akulipe kwa biskuti.

Koi mweusi anapenda kiazi kitamu cha kuchemsha. Wali haupendi. Ndiyo maana ananuna.

Kinue


Nagoya
Desemba 26

Mama mdogo Tokie,

Samahani kukuandikia mwisho wa mwaka wakati kila mtu ana shughuli zake. Nakushukuru kwa kuitunza nyumba. Nakushukuru pia kwa asubuhi ile ya Oktoba. Bila wewe kumkuta mama, leo ningekuwa naandika barua ya namna nyingine.

Nitasema wazi, maana nimechoka kuzunguka. Satomi ameacha kazi yake ili akae na mama. Mimi nafika nyumbani wote wamelala. Mama haongei nasi ila kuuliza tarehe. Anahesabu siku za kurudi Ide. Ninamwonea huruma, na wakati mwingine, Mungu anisamehe, namwonea hasira.

Nikimrudisha, ataishi peke yake. Muuguzi anaweza kupita mara mbili kwa wiki, zaidi ya hapo hakuna. Kwa hiyo kila kitu kinategemea kama alikuwa akijiweza. Mama anaapa alimeza dawa kila siku. Daktari ana wasiwasi. Mimi nimekulia kwenye nyumba ile, najua kwamba wa chini huona mambo ambayo hata mtoto wa nyumbani haoni. Tafadhali niambie ukweli. Alikuwa anakula? Alikuwa anameza? Na siku ile ulimkuta saa ngapi? Daktari anauliza.

Nitafuata neno lako.

Nobuaki


Mtaa wa Ide, Minahama
Januari 8

Nobuaki mwanangu,

Heri ya mwaka mpya, japo najua kwenu haukuwa na sherehe.

Mama yako alikuwa anakula vizuri. Kila asubuhi aliosha mchele, sikumbuki siku aliyoruka. Mboga alipanda mwenyewe. Kuhusu dawa, mwanangu, unajua desturi yetu, mtu wa chini hachunguzi ya jikoni kwa watu. Lakini sikuona kitu cha kunitia wasiwasi. Siku ile nilimkuta asubuhi mapema, nikapiga simu palepale.

Mama yako ni mtu wa hapa. Mtu wa hapa ukimpandisha ghorofani ananyauka. Hilo tu ndilo nililonalo la kusema.

Msalimie Satomi, mwambie apumzike.

Tokie


Nagoya
Januari 19

Toki!

Amekubali! Tarehe tano Aprili atanileta kwa gari mwenyewe. Muuguzi Jumanne na Ijumaa. Kutakuwa na simu ya kuning'iniza shingoni kama kengele ya paka, sawa, nitaivaa. Nimemwambia Satomi, akaenda jikoni akafunga mlango. Nadhani alilia kwa furaha, maskini. Ningelia hata mimi.

Wale samaki funa wa kutia chumvi, mwambie mvuvi Mzee Hamaoka aniwekee majike watano wenye mayai, asiwape watu wa hoteli. Mwaka jana pipa langu lilikuwa chungu kidogo, jiwe la kuwakandamiza lilikuwa jepesi. Mwaka huu nitaongeza jiwe. Utanisaidia kulinyanyua, mikono yangu miwili sasa ni mmoja na nusu.

Nobuaki alinisomea barua yako kwa sauti, pale mezani. "Sikuona kitu cha kunitia wasiwasi." Akairudia mara mbili, uso umemng'aa kama alivyokuwa mdogo. Mimi nikawa naangalia dirishani.

Sasa nakuuliza, mimi na wewe tu. Kweli hukuona kitu?

Nijibu hilo, mengine baadaye.

Kinue


Mtaa wa Ide, Minahama
Februari 1

Dada Kinue,

Nimefurahi mno. Nimefungua makabati yako nikatoa magodoro yapunge upepo, halafu theluji ikaja nikayarudisha mbio. Imefika magotini. Wanaume wa mtaa walikuwa watano tu kuondoa theluji barabarani, na wawili kati yao wana umri wangu. Nilichemsha chai, tukainywa tumesimama.

Hamaoka anasema atakuwekea funa, ila mwaka huu ni wachache. Kila mwaka husema hivyo.

Ule wasifu nimeanza mara nne. Naandika "Minahama ni mji mdogo kando ya Ziwa Biwa," nafika hapo nasimama. Jana nikaongeza kwamba asubuhi ukipita vichochoroni unasikia maji chini ya kila nyumba, na kwamba sisi hatufungi bomba maana hatuna bomba la kufunga. Kisha nikafika pale pa kuaminiana anapopataka Asakura. Nikaenda kulala.

Umeniuliza swali. Dada, macho yangu yana mtoto wa jicho, na maji yenyewe yanapita haraka. Nilichoona ni mambo ya kawaida, majani na punje. Aprili inakuja, utakuwa kwako. Tuyaache ya nyuma.

Koi mweusi amekula kiazi. Ulisema kweli.

Tokie


Nagoya
Februari 10

Tokie,

Mtoto wa jicho! Wewe uliyeiona pete yangu mchangani mwaka ule wa kimbunga, ukaileta imefungwa kwenye karatasi, ukaiacha kwenye kizingiti! Wewe unayetunga uzi kwenye sindano bila miwani! Usinifanye mtoto. Hapa kuna watu wawili tayari wa kunifanya mtoto.

Basi nitasema mimi. Vidonge. Nusu vyekundu, nusu vyeupe, vinaelea. Kila asubuhi nikishaosha mchele nilikuwa nakitia kimoja kwenye maji. Nilianza Novemba ya mwaka juzi. Ndani mwangu kulikuwa na pipa la taka, Tokie. Kulikuwa na choo. Kama ningetaka kuficha, ningekosa pa kuficha? Nilivitia kwenye maji kwa sababu maji yanakuja kwako.

Mume wangu Shozo alipofariki walikuja watu siku zote arobaini na tisa za matanga, wakala, wakavuta uvumba, wakaondoka. Wewe uliniletea figili za kukausha. Uliziweka mlangoni, ukarudi zako kimyakimya usinisumbue. Nilivisikia viatu vyako. Nilikuwa nimekaa upande wa pili wa mlango nasubiri ubishe. Hukubisha. Wiki iliyofuata ukaleta persimoni, vilevile. Una adabu wewe! Una adabu mpaka inaua.

Nikawaza, nikifanya jambo baya, baya kabisa, Tokie atapanda. Ataingia na hasira, kiatu kimoja mguuni, anigombeze. Nikatia kidonge cha kwanza, nikatayarisha chai vikombe viwili, nikakaa. Hukuja. Kesho yake nikatia kingine. Baada ya mwezi vikombe nikavirudisha kabatini, lakini mkono ulikuwa umeshazoea, nikaendelea. Sikutaka kufa, usije ukaandika hivyo popote. Nilitaka kelele ndani ya nyumba.

Nobuaki hajui. Aprili atanileta.

Nakuuliza mara ya mwisho. Uliona?

Kinue


Mtaa wa Ide, Minahama
Februari 18

Nobuaki,

Barua niliyokuandikia Januari ilikuwa ya uongo. Isome hii badala yake, na uisome ukiwa umekaa.

Mama yako hakuwa anameza dawa. Alikuwa anazitia kwenye maji, moja kila asubuhi, karibu mwaka mzima. Ninajua kwa sababu zilikuja kwangu. Koi wangu walikuwa wanazinyonya na kuzitema. Nilikuwa nazitoa kwa chujio zisishuke kwa wale vijana wa chini yangu wenye mtoto mchanga, nazifunga kwenye gazeti, nazitoa na taka za Jumanne. Nilijua ni dawa gani, mume wangu alimeza hizohizo. Sikumwambia mama yako, sikukwambia wewe, sikumwambia daktari. Nilifikiri, ni mambo ya jikoni kwake, nikimwambia nimeona nitamwaibisha, na tunaishi mlango kwa mlango. Ndivyo nilivyolelewa. Mama mkwe wangu aliniambia siku ya kwanza nilipoolewa hapa, yanayokuja na maji huyaoni. Nimelitii neno hilo mpaka limekaribia kumuua mtu.

Na hili la pili ni zito zaidi. Uliuliza saa.

Asubuhi ile, saa kumi na mbili na nusu, mchele ulikuja. Haukuwa punje. Ulikuja wote, maji yakawa meupe. Halafu kikapu chenyewe cha mianzi anachooshea kikaja, kikagonga ukingo wa kidimbwi changu. Nikakiokota. Nikasema, Dada kimemponyoka, ataona haya, nimwachie nafasi ashuke akichukue mwenyewe. Nikakiegemeza mlangoni pangu upande anaotokea. Nikala chakula changu. Nikaosha bakuli. Nikakunja nguo. Nilipanda kwake saa moja na dakika ishirini, nikamkuta amelala ubavu kwenye jiwe la kabata, mkono umo majini.

Dakika hamsini, Nobuaki. Mwambie daktari.

Umesema utafuata neno langu. Neno langu ni kwamba asirudi kukaa peke yake. Nataka arudi kuliko ninavyotaka kitu chochote, huu mtaa bila yeye umekuwa mzigo kwangu. Lakini nikinyamaza tena sasa, nitakuwa nimemsukuma mimi kwa mikono yangu.

Sina uso wa kuomba msamaha. Naomba hivyohivyo.

Tokie


Mtaa wa Ide, Minahama
Februari 18, jioni

Kinue,

Niliona. Kila kimoja.

Sasa kaa vizuri nikugombeze. Mjinga we! Mzee mzima, bibi wa watu, unawapa samaki dawa ya presha! Ulitegemea nini? Ulitaka kelele, hizi hapa kelele. Nimevunja kikombe nikiandika. Toka mlangoni kwako mpaka kwangu ni hatua ishirini na mbili, nimezihesabu leo kwenye theluji. Ulikuwa na miguu. Ungeshuka, ungesema, "Toki, njoo tunywe chai, nyumba inanielemea." Neno moja! Lakini hapana, bibi mkubwa wa juu hawezi kuomba. Anakaa na vikombe viwili anatega ndoana, anasubiri samaki ajue kusoma.

Na unadhani ni wewe tu mjane? Mimi wangu alikufa miaka tisa kabla ya Shozo. Uliniletea nini? Uliniletea maharagwe ya kuchemsha kwenye bakuli la bluu, ukaliweka mlangoni, ukaondoka zako. Na mimi nilikuwa upande wa pili wa mlango. Hukujua hilo, eti? Sasa ujue. Wewe ndiye uliyenifundisha jinsi ya kuleta chakula kwenye msiba, nikakuiga, ukaniona sina moyo.

Niliogopa. Nilikuwa nikikiona kile chekundu kinakuja, najiambia leo nitapanda, leo lazima. Navaa viatu. Nafika kwenye ule mti wako wa kamelia, nasikia unafagia, najiambia mbona yuko mzima, ya nini kumtia aibu. Narudi. Siku ngapi nimefika kwenye huo mti, Kinue! Umesikia viatu vya figili, vya siku hizo zote hukuvisikia?

Nimemwandikia Nobuaki. Nimemweleza yote, dawa, na jingine ambalo wewe hulijui, atakusomea. Aprili hutarudi. Mimi ndiye niliyekuzuia, si yeye, usimnunie mtoto. Nichukie mimi, niko tayari, nimeshazoea kuchoka na hiyo nitaichoka pia. Lakini dawa utameza. Utameza mbele ya Satomi, ufungue mdomo aone, na akikwambia "vizuri sana, bibi" umwambie Tokie wa Ide amesema bado.

Asakura nimempigia simu. Nimemwambia atafute mtu mwingine wa kuusifu mtaa huu. Ameniuliza kama naumwa.

Tokie


Nagoya
Februari 27

Mama mdogo Tokie,

Nimeipata barua yako. Nilikuwa naisoma kwenye treni, nilipofika kwenye dakika hamsini nikapitiliza kituo changu, nikapitiliza na kinachofuata.

Nilimwonyesha daktari. Alisema hawezi kusema dakika hizo zingebadilisha nini. Labda mkono. Labda hakuna. Nimelala na hiyo "labda" wiki nzima.

Mama hatarudi. Tumeamua kuuza, wale watu watakuja kupima baada ya theluji kuyeyuka. Wameahidi mfereji hawataugusa, kwa hiyo maji yatafika kwako kama kawaida. Koi, kama unaweza, wachukue.

Ningependa kukuandikia kwamba sikulaumu. Ningependa pia kukulaumu nikamaliza. Siwezi kufanya lolote kati ya hayo. Umesema ukweli hali ungeweza kukaa kimya, na ningekushukuru maisha yangu yote kwa kukaa kimya kwako. Hilo ndilo linalonichosha zaidi.

Nilimsomea mama barua yako yote. Barua aliyoandikiwa yeye sijaisoma, nimempa ikiwa imefungwa. Ana siku sita hajasema nasi.

Nobuaki


Nagoya
Machi 8

Tokie,

Nimekasirika. Nataka uanze kulijua hilo kabla ya mengine.

Nyumba yangu, waegeshe magari! Niliingia pale na miaka ishirini na mbili, nimezaa pale, nimefiwa na mume pale. Nilikuwa nimeshatengeneza kichwani pipa la funa, jiwe, chumvi, kila kitu. Umeniondolea kwa barua moja. Nilikuomba neno moja tu, uliona au hukuona, mimi na wewe. Sikukuomba umwambie mtoto. Siku sita sikula ila uji, na sikulia, nikijua kuna watu wanasikiliza mlangoni.

Zile dakika hamsini zinaniuma kuliko nyumba. Nilikuwa nimelala pale, nakumbuka kidogo. Sikuweza kuita. Nilikiona kikapu kinakwenda nikasema, vizuri, Toki atakiona. Nilikuwa nasubiri wewe, na wewe ulikuwa unanisubiri mimi. Hilo sijalisamehe. Sijui kama nitalisamehe, na umri huu sina muda mrefu wa kujaribu.

Dawa nameza. Satomi analeta na maji, nafungua mdomo. Siku ya kwanza akasema "vizuri sana, bibi." Nikamwambia Tokie wa Ide amesema bado. Akanitazama, nikamweleza. Akakaa kitandani kwangu akasema na yeye amechoka, hakutaka kuacha kazi, na harufu ya dawa ya viungo inamtia kichefuchefu. Ndiyo mara ya kwanza kuisikia sauti yake halisi. Tukanywa ile chai mbaya.

Hutaniona tena Ide. Wewe ukipanda hizi ghorofa utakufa njiani. Kwa hiyo zimebaki barua.

Ile yako ya kunigombeza nimeisoma kila asubuhi. Imechakaa mikunjo. Miaka arobaini na sita tumekaa hatua ishirini na mbili, na hakuna aliyewahi kuniita mjinga kwa upendo kiasi hicho. Niandikie tena, Toki, upesi, na usiwe na adabu hata kidogo.

Kinue